Somo la 7: Neno Linalosafiri na Watu Wake

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 25:10–16, Neh. 8:1–12, Isa. 29:11, 12, Yer. 35:1–19, Lk. 17:11–19, Yn. 21:1–14, Mdo 8:26–40, 2 Kor. 4:1, 2.

Fungu la Kukariri: Nehemia 8:8. Lisome katika Biblia yako. Ikiwa yupo mwanadarasa asiyejua kusoma, asomewe polepole mara tatu, naye alikariri kwa kusikia.

Pwani ya Tanga, kuanzia Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Mkwaja upande wa kusini wa Pangani, ni nchi ya watu wanaohama. Wavuvi hufuata samaki na pepo za kaskazi na kusi, wakapiga kambi ufukweni kwa majuma au miezi, kambi ambayo wenyewe huiita dago. Upande wa bara, katika wilaya za Handeni na Kilindi, wafugaji wa Kiparakuyo na Kimasai husogeza mifugo kutafuta maji na malisho. Kati ya pwani na bara yamo mashamba ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche yote aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa yaliyohitaji vibarua kutoka mbali. Vibarua hao waliandikishwa kwa namba, na watu wakawaita manamba.

Maisha ya kuhama yana uzuri wake, lakini yana gharama moja iliyo nzito. Mtoto anayehama na wazazi wake huacha shule kabla hajamaliza silabi, na akikua hutia dole gumba mahali ambapo wengine hutia saini. Juma hili litaangalia jinsi Neno la Mungu linavyoweza kuwa kitabu cha kwanza cha mtu wa namba hiyo, na jinsi kanisa linavyopaswa kumfundisha bila kumvunjia heshima na bila kumdanganya.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Mbele ya Lango la Maji

Soma Nehemia 8:1–8. Ni akina nani waliokusanyika? Ezra alifanya nini, na Walawi walifanya nini?

Watu waliokusanyika Yerusalemu siku ile walikuwa wana wa wahamaji. Baba zao walichukuliwa utumwani Babeli, na wao, au wazazi wao, walirudi katika nchi waliyoijua kwa kuhadithiwa tu. Wengi wao hawakuwa na gombo la torati nyumbani. Tazama jinsi sura hii inavyotaja waliohudhuria: wanaume, wanawake, na wote walioweza kusikia na kufahamu. Hakuna aliyeambiwa arudi nyumbani mpaka ajue herufi.

Ezra alisoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri. Hata hivyo, sura hii haikuishia kwa msomaji mmoja aliyesimama juu ya mimbari ya mti. Walawi walikuwa katikati ya watu, wakieleza maana. Kulikuwa na kusoma kwa sauti iliyo dhahiri, kulikuwa na kueleza, na kulikuwa na kufahamu. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa kila darasa la kisomo linalotumia Biblia. Msomaji akisoma bila kueleza, watu watasikia sauti tu. Akieleza bila kusoma, watu watategemea maneno yake badala ya Neno. Na kama hakuna aliyefahamu, kazi yote imepotea.

Soma Nehemia 8:9–12. Kwa nini watu walilia, nao waliambiwa wafanye nini?

Watu waliposikia na kuelewa, walilia, kwa maana walijiona jinsi walivyo mbele za Mungu. Viongozi hawakuwaacha katika huzuni. Waliwaambia wale, wanywe, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Basi kufahamu Neno kulikwenda pamoja na sinia la chakula kwa jirani. Pwani hili halihitaji maelezo mengi. Mgeni hapokewi kwa maneno matupu. Darasa linalofundisha kusoma na kumsahau mwenzao aliyelala njaa kambini limesoma nusu tu ya Nehemia 8.

*Tafakari: Katika kanisa lako ni nani "Mlawi" anayekaa katikati ya watu na kueleza maana? Je, kazi hiyo imeachiwa mtu mmoja tu mimbarani?*

JUMATATU
Watu wa Hemani

Soma Yeremia 35:1–10. Warekabu walikuwa watu wa namna gani, na waliishi vipi?

Warekabu hawakujenga nyumba, hawakupanda mbegu, hawakuwa na mashamba ya mizabibu, na hawakunywa divai. Walikaa katika mahema siku zao zote. Watu wa Yerusalemu bila shaka waliwaona kama wageni wasio na mahali. Lakini Mungu alimtuma nabii wake kwao, akaamuru waletwe hata ndani ya chumba cha nyumba ya Bwana, kisha akawafanya somo kwa mji mzima (Yer. 35:12–19). Watu wenye kuta na milango walikuwa wamekataa kusikia. Watu wa hemani walikuwa wametunza neno la baba yao kwa vizazi vingi.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. Kwanza, kuhama si dhambi wala si upungufu wa akili. Ibrahimu aliishi katika mahema (Ebr. 11:8–10). Akila na Prisila walitoka Rumi wakaenda Korintho, kisha Efeso, wakishona mahema, nao ndio waliomfundisha Apolo, mtu msomi (Mdo 18:1–3, 24–26). Pili, mtu asiye na kitabu anaweza kuwa na hazina kubwa ya kumbukumbu. Warekabu walijua kwa moyo walichoagizwa. Vivyo hivyo mvuvi huzijua nyota, miamba na mikondo ya maji, na mfugaji hujua kila ng'ombe kwa rangi yake na ukoo wake. Mwalimu wa kisomo asidhani anaanza na kibuyu kitupu.

Soma Kutoka 25:10–16. Kwa nini miti ya kubebea sanduku haikupaswa kuondolewa katika vikuku vyake?

Sanduku la agano lilitengenezwa kwa safari. Hata lilipotua, miti ilibaki mahali pake, tayari kwa siku ambayo wingu lingeinuka. Mungu hakuwangoja Israeli wajenge mji ndipo awape maandiko. Aliwapa wakiwa jangwani, nayo yakasafiri pamoja nao. Darasa la kisomo katika dago au kwenye boma la wafugaji lifuate mfano huo. Vifaa vyake viwe vya kubebeka: ubao mdogo, chaki, daftari, Biblia, na kadi za silabi ndani ya mfuko usioingia maji. Na kila kambi iwe na mwanafunzi mmoja aliyetangulia wenzake kidogo, ili kambi ikivunjwa darasa lisivunjike.

Ulaya nayo ina watu wa hemani. Waroma, ambao wengi wamezoea kuwaita Wajipsi, walitengwa kwa vizazi vingi. Katika nchi ambayo leo ni Romania walishikwa utumwani hadi katikati ya karne ya 19. Uingereza, mwaka 1860, mtoto wa Kijipsi aitwaye Rodney Smith alizaliwa hemani katika msitu wa Epping, karibu na London. Hakulelewa shuleni. Baada ya kuokoka akiwa kijana alijifundisha kusoma, akibeba vitabu vitatu: Biblia, kamusi ya Biblia, na kamusi ya Kiingereza. Akawa mhubiri aliyejulikana katika mabara kadhaa, naye hakuficha kamwe mahali alipotoka.

*Tafakari: Ni kundi gani la watu wanaohama wanaopita karibu na kanisa lako? Huitwa jina gani wakiwa hawapo? Je, jina hilo lingeweza kutamkwa mbele yao?*

JUMANNE
Aliyepewa Kitabu Asichoweza Kukisoma

Soma Isaya 29:11, 12. Watu wawili wanapewa kitabu kimoja. Kila mmoja ana sababu gani ya kutokisoma?

Nabii anawataja watu wawili. Mmoja anajua kusoma, lakini kitabu kimefungwa kwa muhuri. Mwingine amepewa kitabu, naye anakiri kwamba hajui kusoma. Kwa wote wawili ujumbe haukufika. Isaya alikuwa anasema juu ya upofu wa kiroho wa taifa, lakini mfano wake ulichukuliwa katika jambo lililokuwa likitokea kila siku. Linatokea hata leo, tena ndani ya Shule ya Sabato.

Kila Sabato, mahali fulani, mwalimu huzungusha mafungu: "Wewe soma la kwanza, wewe la pili." Zamu inapokaribia, mama mmoja huanza kukohoa na kutoka nje. Mzee mmoja husema amesahau miwani. Kijana mmoja husema sauti imekauka. Wengine wamebeba lesoni miaka kumi bila kulijua neno hata moja ndani yake, nao hawajasema, kwa sababu aibu ni nzito kuliko kiu. Kisha kanisa hushangaa kwa nini hawajifunzi nyumbani.

Takwimu zinaonesha kwamba hawako peke yao. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata ilifika vijijini hata chini ya miembe. Mitihani ya kitaifa ya mwaka 1986 ilionesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya watu 10 katika kila 100. Lakini moto usioongezwa kuni huzimika. Sensa ya mwaka 2012 ilionesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya kila watano wenye umri wa miaka 15 na zaidi hajui kusoma na kuandika.

Soma Matendo 8:26–35. Filipo alimsikia mtu akisoma. Je, aliuliza nini kwanza, naye alikaa wapi ili amfundishe?

Filipo hakusimama barabarani akampigia kelele msafiri. Alipanda garini, akaketi kando yake. Alianza na fungu ambalo mtu yule tayari alikuwa nalo mikononi. Msafiri yule alijua herufi lakini alihitaji wa kumwongoza. Mwingine anahitaji msaada katika herufi zenyewe. Kwa wote wawili mahali pa mwalimu ni pale pale: kando, si juu.

Waadventista wa nchi hii wanapaswa kulielewa hili kuliko wengine, maana historia yao ilianza hivyo. Johannes Ehlers na A. C. Enns walipofika mwaka 1903, walianza kazi Giti, katika milima ya Upare Kusini, mahali walipopaita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Shule ilikwenda bega kwa bega na mahubiri. Mmisionari Ernst Kotz aliyewafuata alijifunza Chasu kwa bidii hata akaandika sarufi yake, iliyochapishwa Berlin mwaka 1909, na akalitafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Kabla ya kuwafundisha Wapare kusoma, ilimpasa yeye mwenyewe awe mwanafunzi wao. Katika nchi jirani ya Uganda, Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa "wasomaji". Kuamini na kusoma vilitajwa kwa neno moja.

*Tafakari: Unawezaje kuendesha darasa lako ili asiyejua kusoma ashiriki bila kuaibika? Fikiria kuomba wanaojitolea badala ya kuzungusha zamu, na kusoma kila fungu kwa sauti mara mbili.*

JUMATANO
Sa-ma-ki

Soma Yohana 21:1–14. Orodhesha vitu vyote katika kisa hiki ambavyo mvuvi wa pwani angevitambua bila kuelezwa.

Bahari, mashua, wavu, usiku mzima bila kitu, moto wa makaa ufukweni, samaki, mkate, uchovu, na mtu anayeuliza kutoka pwani kama kuna kitoweo. Mvuvi wa Kigombe au Kipumbwi hahitaji ramani ili aingie katika sura hii. Kwa sababu hiyo inafaa kuwa somo la kwanza.

Kazi inaweza kufuata hatua hizi.

*Sikia.* Mwalimu asome kisa chote kwa sauti. Wanafunzi wakisimulie tena kwa maneno yao, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Hapa asiyejua kusoma ni sawa na mwenye kujua, na mara nyingi ni msimulizi bora kuliko mwalimu.

*Ona.* Mwalimu aandike neno moja kubwa: SAMAKI. Wote walitamke na kulipigia makofi: sa-ma-ki. Kiswahili kina neema hii, kwamba kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kila silabi izae ndugu zake: sa, se, si, so, su, ma, me, mi, mo, mu, ka, ke, ki, ko, ku.

*Jenga.* Kutokana na silabi hizo kumi na tano wanafunzi watunge maneno yao: mama, soma, sema, simama, masika, kisima, Musa. Siku hiyo hiyo mtu mzima ambaye hajawahi kusoma anaweza kusoma sentensi nzima: *Musa, simama. Mama, soma.* Furaha ya wakati huo haielezeki, na mwalimu asiharakishe kuipita.

*Rudi.* Wafungue Yohana 21, kila mmoja alitafute neno "samaki" na kuweka kidole juu yake. Herufi alizoandika kwa mkono wake amezikuta ndani ya Biblia. Somo linalofuata lichukue neno lingine la kisa hicho hicho, kama *wavu* au *moto*.

*Hesabu.* Wanafunzi wa Yesu waliwahesabu samaki wakubwa: 153. Wale waliozoea kuhesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, watapata korija 7 na samaki 13. Waandike namba hizo, kisha wahamie kwenye mzani wa mchuuzi, bei ya kilo, na deni la mafuta ya mashine. Mvuvi anayeweza kusoma mzani haibiwi kwa urahisi. Mama anayeweza kusoma cheti cha dawa anajua kama mtoto anywe mara mbili au mara tatu. Mjane anayesoma karatasi kabla ya kutia saini hapotezi kiwanja chake.

Mwalimu mwenye macho atakuta vitabu vingine vimekwisha kuwapo kambini. Jina la mashua limepakwa rangi ubavuni. Kanga ina maneno yake kwenye pindo, na mwanamke aliyeinunua anayajua maneno yale kwa moyo, kwani aliichagua kwa ajili yake. Aanze hapo. Kulinganisha maneno anayoyajua kwa moyo na herufi anazoziona ni njia fupi kuliko zote, na mafungu ya kukariri yanaweza kutumiwa vivyo hivyo.

Ratiba nayo ifuate bahari. Wanaovua dagaa kwa taa hukaa pwani mbalamwezi inapong'aa, maana mwanga wa taa haufai kitu usiku huo; basi hayo ndiyo majuma ya darasa lao. Ijumaa wavuvi wengi hawaendi baharini, lakini ni siku ya sala kwa Waislamu na ni siku ya maandalio kwa Waadventista. Darasa liheshimu yote mawili na kutafuta siku nyingine.

*Tafakari: Chagua kisa kimoja cha Biblia kinachowafaa wafugaji au wakata mkonge. Ni neno gani moja ungeanza nalo, na silabi zake zingezaa maneno gani?*

ALHAMISI
Kisomo Si Chambo

Soma 2 Wakorintho 4:1, 2. Paulo anasema wameyakataa mambo gani katika kazi ya injili?

Hapa kuna swali ambalo kanisa la pwani haliwezi kulikwepa. Watu wengi wa pwani ya Tanga ni Waislamu. Wakisikia kwamba Wakristo wanafundisha kusoma kwa kutumia Biblia, wana haki ya kuuliza: Hii ni elimu, au ni ndoana iliyofichwa ndani ya chambo?

Jibu la Paulo liko wazi. Mambo ya siri yamekataliwa, na hila vilevile. Hivyo mwalimu aseme tangu siku ya kwanza ni kitabu gani kitakachotumika na kwa nini. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wa kambi waelezwe kabla ya darasa, si baada ya malalamiko. Watoto wasifundishwe bila wazazi wao kujua. Anayetaka silabi na hesabu tu, afundishwe kwa maneno ya kazi yake, na apewe bidii ile ile. Hakuna daftari, chakula wala mkopo wa kikundi utakaotolewa kwa sharti la kuhudhuria ibada.

Tena mwalimu asiseme kwa haraka kwamba fulani hajui kusoma. Pwani hii ilikuwa na maandishi kabla ya wamisionari kufika. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na milango ya nakshi katika miji ya kale ya pwani wakati mwingine huwa na maandishi juu ya kizingiti, jambo linalomkumbusha msomaji wa Biblia Kumbukumbu la Torati 6:9. Mzee aliyepita chuoni utotoni huenda anasoma Kiarabu vizuri na hajui herufi za Kirumi tu. Huyo si mjinga wa kuokotwa. Ni msomi anayejifunza hati ya pili.

Soma Luka 17:11–19. Ni wangapi walioponywa, na ni wangapi waliorudi? Yesu aliwafanyia nini wale ambao hawakurudi?

Kumi waliponywa, na mmoja, tena Msamaria, ndiye aliyerudi kushukuru. Yesu aliuliza wako wapi wale tisa, na swali lake lina huzuni ndani yake. Lakini hakuwarudishia ukoma wao. Uponyaji wa wale tisa ulikuwa kamili kama wa yule mmoja.

Fikiria basi darasa la watu kumi katika dago. Miezi sita inapita. Wote kumi wanaweza kusoma. Upepo unageuka, kambi inavunjwa, na ni mmoja tu anayeondoka na Biblia katika mzigo wake. Kuna ndugu kanisani watakaosema kazi imekwenda bure, fedha zimepotea, na ripoti haina ubatizo. Luka 17 haikubali hesabu hiyo. Wale tisa sasa wanasoma mzani, cheti cha dawa na mkataba. Hakuna anayeweza kuwanyang'anya. Na kama siku moja, ufukwe mwingine kabisa, Neno la Mungu litawekwa mikononi mwao, hawatalazimika kulirudisha kama yule mtu wa Isaya.

Hii haimaanishi kwamba mwalimu hatamani wamjue Kristo. Anatamani sana, na anaomba kwa ajili yao kwa majina. Lakini tamaa hiyo humfanya awe mkweli zaidi. Mtu akigundua kwamba alidanganywa kidogo ili afundishwe herufi, ataamini vipi aliyemdanganya anapomwambia habari za uzima wa milele?

*Tafakari: Je, ungeendelea kufundisha kwa moyo ule ule kama ungejua mapema kwamba tisa hawatarudi? Jibu lako linaonesha nini juu ya sababu ya kufundisha?*

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura zinazohusu kujifunza na kufundisha Biblia katika kitabu cha Ellen G. White, *Elimu*. Kumbuka kwamba mwandishi huyo alipigwa jiwe usoni akiwa na umri wa miaka 9, na masomo yake ya shule yakakatizwa. Mtu aliyeandika sana juu ya elimu alijua uchungu wa kuikosa.

Linganisha tena mambo matatu ya juma hili. Mbele ya Lango la Maji, Neno lilisomwa na kuelezwa mpaka likafahamika, na chakula kikapelekwa kwa asiye nacho. Jangwani, Neno lilisafiri pamoja na watu, miti ya kubebea ikiwa tayari. Njiani kati ya Samaria na Galilaya, wema wa Kristo ulitolewa kwa kumi ingawa shukrani ilitoka kwa mmoja. Darasa la kisomo linaweza kuwa dogo, watu wanne na taa moja juu ya mchanga. Lakini likishika mambo hayo matatu, limejengwa juu ya Maandiko.

Soma pia Ufunuo 1:3. Baraka inatajwa kwa asomaye, na kwa wasikiao na kuyashika yaliyoandikwa. Yohana alijua kwamba katika makanisa yale saba mmoja angesoma na wengi wangesikia, naye hakuwaacha wasikiaji nje ya baraka. Wala haizuiwi kwamba msikiaji wa leo awe msomaji wa kesho.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, kanisa lenu linajua ni washiriki wangapi wasioweza kusoma? Jambo hili linaweza kujulikanaje bila kumwaibisha mtu? Ni nani anayefaa kuuliza, na wapi?

2. Baadhi husema kwamba siku hizi simu inaweza kumsomea mtu Biblia, basi hakuna haja ya kisomo. Simu inasaidia nini, na haiwezi kusaidia nini? Zingatieni mzani, cheti cha dawa, mkataba, na kujifunza peke yako usiku wakati chaji imekwisha.

3. Mwanamke anataka kujifunza kusoma, lakini mumewe hataki ahudhurie darasa la Wakristo. Mwalimu afanye nini ili asivunje nyumba, wala asimwache mwanamke huyo bila msaada? Toeni hatua, si maneno ya jumla.

4. Kikundi chenu kikiombwa kutoa ripoti ya darasa la kisomo, ni matunda gani mngeyaandika mbali na idadi ya waliobatizwa? Je, mngeona haya kuyasoma mbele ya kanisa?

5. Kila mmoja amtaje, moyoni mwake tu, mtu mmoja anayeweza kuketi kando yake kama Filipo alivyoketi garini. Juma lijalo mtakapokutana, msiulizane jina la mtu huyo. Ulizaneni kama mmekwisha kuketi.